Vionjo Kumi na Kimoja

Wametoa vionjo usiku wa kuamkia leo,
kumi na kimoja, kila kimoja nusu dakika;
albamu yenyewe, mpaka Septemba.
Nimevisikiliza jikoni, Katowice,
mvua ya Machi ikiteremka dirishani na masizi yake,
simu nimeiegemeza kwenye chupa ya siki,
supu ya unga mchachu ikitokota polepole.

Cha kwanza: gitaa limepakwa sukari.
Nikasema, wamekwisha. Nikasema kwa sauti,
paka akaondoka.
Cha pili: Radomir bado anaimba
kama mtu anayegombana na mlango.
Hapo nikanyamaza kidogo.
Cha tatu sikukimaliza.
Nusu dakika, na sikukimaliza!
Kalina, binti yangu, akainua macho kwenye daftari:
"Mama, hata mwizi wa kuku
husikilizwa shauri lake mpaka mwisho."

Mimi si hakimu. Mimi ni fundi wa breki za tramu,
karakana ya Będzin, zamu ya alfajiri.
Gurudumu bovu nalijua kwa mlio
kabla tramu haijakata kona;
sihitaji safari nzima.
Dalili ya mvua ni mawingu, nikamwambia,
nikajiona nimesema.
Akachungulia nje.
"Mawingu ya hapa Silesia," akasema,
"husimama wiki nzima bila tone."

Anajua ninachokificha, ndiyo maana hanionei huruma.
Miaka tisa, besi ya Shimo la Nne
ilikuwa mikono hii.
Jina tulilitoa kwenye mgodi uliomlisha baba yangu
na baba yake Ksawery, mpiga ngoma wetu;
siku hizi pale panauzwa mazulia.
Mazoezi tulifanyia chumba cha boila,
jasho la mabomba likitudondokea shingoni.

Cha nne, cha tano, cha sita:
sisikilizi nyimbo, natafuta nyufa.
Natafuta pale huyu kijana wa Opole, huyu Tymon,
asipojua kwamba Ksawery akichoka
huliburuta pigo la tatu,
na lazima umsubiri,
kama unavyomsubiri mwenzako
aliyeinama kufunga kamba za viatu.
Anajua.
Mwanaharamu, anajua. Anamsubiri.

Nikapunguza moto.

Cha saba nimekirudia mara kumi na nne.
Ngoma peke yake, kisha besi inapanda
ngazi tatu, inashuka moja, inasita.
Kusita huko nilikuokota mimi, Gliwice,
usiku ule nilipopanda jukwaani nimelewa,
nikaanguka juu ya spika, nikaendelea kupiga nimelala.
Usiku mmoja. Kesho yake wakakaa kikao
bila mimi, wakaamua mimi ni mtu wa namna gani.
Miaka tisa wakaionja kwa ncha ya kijiko.
Hawakukosea sana.
Hilo ndilo linalouma.

Sekunde ya ishirini na nane, Radomir anavuta pumzi.
Ya ishirini na tisa, bado anavuta.
Ya thelathini, kimya. Wamekata.
Neno gani lilikuwa njiani?
Kalina anadhani ni tusi.
Mimi nina dhana yangu, siisemi.

Vinne vilivyobaki sijavigusa.
Supu imeshika chini, tumeila hivyo hivyo,
Kalina akikunja uso kwamba ina ladha ya moshi,
nami nikimwambia hicho ni kijiko cha kwanza tu, endelea.
Chini ya meza, juu ya goti langu,
vidole vilikuwa vimeshapanda ngazi tatu,
vimeshuka moja,
vimesita,
vinamsubiri Ksawery.